Deni la Mtoto Halifutwi na Umbali

"Dada, hakimu alishaamua na namba ya kesi ninayo. Mbona hela haiingii?"

Swali hili la hela za matunzo ya mtoto huulizwa sana na akina mama wa Cheektowaga, mji wa kaunti ya Erie, jimbo la New York, unaopakana na Buffalo upande wa mashariki. Majibu wanayopewa na jamaa huwa mawili. Wapo wanaosema serikali ya Marekani haishindwi na mtu, ngoja tu. Wapo wanaosema ofisi ya serikali inayokusanya matunzo haina maana, mwachie Mungu. Yote mawili yanawaumiza watoto. Ofisi hiyo ya matunzo ina nguvu kuliko wengi wetu tunavyodhani, lakini nguvu yake imejengwa juu ya mshahara unaopitia kwenye vitabu. Baba akilipwa pembeni, akahama jimbo, au jina lake likaandikwa vingine, kesi husimama mpaka mtu apeleke taarifa. Na taarifa hizo tunazo sisi, tunaosali naye, tunaocheza naye mpira na kuchanga naye kwenye misiba.

Sheria inavyokamata mshahara

Mpango wa taifa wa kukusanya matunzo ulitokana na sheria aliyoisaini Rais Gerald Ford Januari 1975. Lengo kuu wakati huo lilikuwa kuirudishia serikali fedha ilizotumia kuzisaidia familia zilizoachwa na baba. Mwaka 1984 majimbo yote yakatakiwa kuwakata mshahara wanaochelewa kulipa. Sheria ya 1988 ikaenda mbali zaidi: makato yaanze mara amri inapotolewa, bila kusubiri mtu ashindwe. Mwaka 1996 ikaanzishwa orodha ya taifa ya waajiriwa wapya. Tangu hapo, mwajiri akimchukua mfanyakazi hutakiwa kupeleka jina na namba yake ya Social Security kwa jimbo ndani ya siku 20, na majina hayo hulinganishwa na ya wanaodaiwa matunzo nchi nzima.

Kwa hiyo baba aliyeajiriwa rasmi kwenye ghala la Louisville, Kentucky, hajifichi kwa muda mrefu. Mwajiri hupokea hati ya makato, hukata, na hutakiwa kutuma fedha ndani ya siku saba za kazi tangu siku ya mshahara. Kituo cha jimbo kinachozipokea hutakiwa kuzitoa ndani ya siku mbili za kazi. Mwajiri haruhusiwi kumfukuza mtu kwa sababu ya makato hayo. Sheria ya taifa inaruhusu kukata hadi asilimia 50 ya mshahara unaobaki baada ya kodi kwa mtu mwenye familia nyingine anayoilea, hadi asilimia 60 kwa asiye nayo, na asilimia 5 za ziada deni likipita wiki 12.

Pamoja na nguvu zote hizo, takwimu za sensa ya Marekani za mwaka 2017 zilionyesha kuwa ni asilimia 45.9 tu ya wazazi waliostahili matunzo ndio waliolipwa yote waliyostahili. Malimbikizo ya nchi nzima yamepita dola bilioni 100. Mama wa Cheektowaga asiyelipwa ana wenzake wengi, na hakufanya kosa kufungua kesi.

Hesabu ya wiki moja

Tuchukue mfano wa baba wa watoto wawili anayelipwa dola 20 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Anapata dola 800. New York huanza kwa kuondoa kodi ya Social Security na Medicare, ambayo ni asilimia 7.65, yaani dola 61.20. Zinabaki 738.80. Kwa mtoto mmoja jimbo huchukua asilimia 17, wawili 25, watatu 29, wanne 31, na watano au zaidi si chini ya 35. Kwa watoto wawili, basi, ni dola 184.70 kila wiki. Gharama za kumlea mtoto mama anapokuwa kazini na bima ya afya huweza kuongezwa juu yake.

Sasa baba huyu aache kazi ya vitabuni na kunyamaza kwa miezi sita. Wiki ya 14 deni linapita dola 2,500, na hapo serikali ya taifa huweza kumnyima pasipoti ya Marekani. Deni likifikia malipo ya miezi minne, New York huweza kusimamisha leseni yake ya udereva. Likipita dola 500, marejesho yake ya kodi ya taifa huweza kuchukuliwa. Na ikiwa familia ilipokea msaada wa fedha wa serikali, kiwango hicho ni dola 150 tu. Mwisho wa wiki ya 26 anadaiwa dola 4,802.20. Akirudi kwenye kazi rasmi, ofisi huweza kumwongezea makato hadi nusu ya matunzo ya kila wiki, yaani dola 92.35 zaidi, mpaka amalize. Miezi sita ya kukimbia huchukua mwaka mzima kulipika. Dawa ya deni ni kulipa, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo dawa inavyozidi kuwa chungu.

Kuna jambo jingine ambalo akina baba wengi hawajaambiwa. Tangu 1986 sheria ya taifa inayafanya malipo kuwa hukumu ya fedha kila tarehe yake inapopita, na hakuna hakimu anayeweza kurudi nyuma kuyapunguza. New York inatoa miaka 20 ya kuyadai, na mahakama ikitoa hukumu ya malimbikizo huongeza riba ya asilimia 9 kwa mwaka. Mtoto anaweza kukua, akamaliza shule na kuanza kazi, na deni la utotoni mwake likawa bado linakatwa.

Kesi inapokwama

Kikwazo cha kwanza ni jina. Wengi wetu tulipitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Kyangwali kabla ya kufika hapa. Kambini jina la ukoo liliandikwa mbele, uwanja wa ndege likahamia nyuma, na asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa akapewa Januari 1. Matokeo yake, jina moja lenye Januari 1 linaweza kuwa la wanaume kadhaa, na mwanamume mmoja akawa na majina matatu: la kwenye karatasi ya kuingilia nchini, la kwenye leseni na la kwenye mshahara. Karani akiandika jina analolijua mama tu, kompyuta haioni kitu. Namba ya Social Security ndiyo hukata shauri. Mama atafute makaratasi ya zamani, hasa fomu za kodi walizojaza pamoja, na aandike kwenye ombi lake kila namna jina la baba lilivyowahi kuandikwa.

Kikwazo cha pili ni ubaba. Ndoa ya mahari iliyofungwa mbele ya wazee haina cheti, na mtoto aliyezaliwa kambini huenda hana karatasi yenye jina la baba. Katika hali hiyo mahakama hutaka kwanza kuthibitisha baba ni nani, kwa hati anayoisaini mwenyewe au kwa kipimo cha DNA. Mama asikione kipimo hicho kama tusi. Ni mlango, na bila kuupita hakuna amri ya kudai chochote.

Kikwazo cha tatu ni barua. Watu wetu huhama kutoka nyumba hadi nyumba, na barua za ofisi huja kwa Kiingereza. Moja kati ya hizo ni ya hatari: ile inayosema kesi itafungwa. Kanuni za taifa zinailazimisha ofisi kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kesi kwa sababu kama vile baba kutopatikana. Mama akijibu ndani ya muda huo na kupeleka taarifa mpya inayoweza kusaidia, kesi hubaki wazi. Asipojibu, inafungwa, naye huendelea kungoja mwaka mzima fedha ambazo hakuna mtu anayezifuatilia. Ukihama, peleka anwani mpya ofisini siku hiyo hiyo.

Kikwazo cha nne, na kikubwa kuliko vyote, ni kipato kisichokuwa na mwajiri. Baba mwenye lori lake, anayeendesha abiria kwa programu ya simu, au anayelipwa taslimu kwa kupaka rangi nyumba, hana ofisi ya mishahara ya kupelekewa hati ya makato. Hapo ushahidi hutoka kwingine: taarifa za benki, fomu za kodi, usajili wa lori, picha za lori lenyewe likiwa na jina la kampuni. Mahakama ya New York inawalazimu wazazi wote wawili kutoa maelezo ya fedha zao, na hakimu asiyeridhika anaweza kumpangia baba kipato kulingana na uwezo wake wa kufanya kazi. Tukumbuke pia kwamba dereva wa lori anayesimamishiwa leseni anasimamishiwa riziki. Wengi hujitokeza kulipa wakati huo.

Akihamia Columbus au Louisville

Jamii yetu inahama kufuata kazi, na kesi nyingi za Buffalo zina baba aliye Ohio au Kentucky. Majimbo yote ya Marekani yana sheria ya pamoja ya matunzo ya kuvuka mipaka, na maana yake kwa mama ni hii: amri yake ya New York haifi baba anapovuka mpaka. Ofisi ya Erie inaweza kutuma hati ya makato moja kwa moja kwa mwajiri wa Columbus, bila kupitia mahakama ya Ohio. Panapohitajika zaidi ya hapo, hutuma jalada Ohio, nalo hufika kwa wakala wa matunzo wa kaunti ya Franklin. Kwa Louisville linafika kwa ofisi ya mwanasheria wa kaunti ya Jefferson, kwa sababu Kentucky imewapa wanasheria wa kaunti kazi hiyo.

Kanuni za taifa zina saa zake. Ofisi ikijua kwamba baba yuko jimbo jingine na msaada wa huko unahitajika, ina siku 20 za kutuma maombi. Jimbo linalopokea lina siku 10 za kazi za kukiri kupokea na kuyapeleka kwa ofisi husika. Ofisi inayomtafuta baba asiyejulikana alipo ina siku 75 za kupekua vyanzo vyake vyote. Mama anayepiga simu na kuuliza "kesi yangu inaendeleaje?" hujibiwa "inashughulikiwa". Anayeuliza "mliituma Ohio tarehe gani, na Ohio walikiri kuipokea tarehe gani?" hulazimisha jalada lifunguliwe.

Kosa moja la kuepuka ni kufungua kesi mpya kila unapohama. Muda wa matunzo hufuata jimbo lililotoa amri. New York inamdai mzazi mpaka mtoto afike miaka 21. Ohio na Kentucky kwa kawaida huishia 18, au 19 akiwa bado sekondari. Baba mwenye amri ya New York akihamia Columbus haponi mtoto anapotimiza 18. Na mama aliyepata amri yake Louisville kisha akahamia Cheektowaga hapati ile miaka mitatu ya nyongeza. Kabla hujafungua kitu chochote, uliza jimbo gani lina mamlaka juu ya amri uliyonayo.

Kazi ya ofisi na kazi ya mahakama

Hapa ndipo nimeona akina mama wengi wakipoteza muda. Ofisi hukata mshahara, huchukua marejesho ya kodi, hufunga akaunti ya benki, husimamisha leseni. Mambo hayo huyafanya bila hakimu. Lakini baba asiye na mshahara, akaunti wala marejesho ya kodi hugeuka kazi ya mahakama, na huko mama anaruhusiwa kwenda mwenyewe. Kwa mkazi wa Cheektowaga ni Mahakama ya Familia ya kaunti ya Erie, mjini Buffalo. Anafungua ombi la kulalamikia uvunjaji wa amri. Hahitaji wakili ili kulifungua, na mahakama za New York hutoa mkalimani bure. Aseme mapema kwamba anataka Kiswahili, na asimlete mtoto wake amtafsirie habari za baba yake.

Mbele ya hakimu wa matunzo, kumbukumbu za ofisi zinazoonyesha kwamba hakulipa zinatosha kuwa ushahidi wa mwanzo kwamba alikaidi, na mzigo wa kueleza kwa nini hakulipa huwa wa baba. Hakimu wa matunzo akimwona mkaidi na kupendekeza kifungo, ni jaji wa familia anayethibitisha, na kifungo hakizidi miezi sita. Sipendi kuona baba akifungwa, kwa maana aliye jela halipi. Ila nimeona kuwa tarehe ya kusimama mbele ya jaji hufungua mifuko iliyokuwa mitupu kwa miaka. New York humpa wakili baba asiye na uwezo anayekabiliwa na kifungo. Mahakama Kuu ya Marekani, katika shauri la Turner dhidi ya Rogers la mwaka 2011, haikulazimisha kila jimbo kufanya hivyo, lakini ilitaka mtu asifungwe kabla ya kuchunguzwa kama kweli alikuwa na uwezo wa kulipa.

Mama aelewe pia kwamba wakili wa ofisi si wakili wake. Anaiwakilisha serikali. Na ikiwa mama anapokea msaada wa fedha wa serikali, haki ya kukusanya matunzo huwa ameikabidhi kwa serikali. New York humwachia hadi dola 100 za mwezi kwa mtoto mmoja na 200 kwa wawili au zaidi. Mama anayeogopa kupigwa au kuuawa aseme hivyo kwa ofisa mapema, kwa sababu sheria inamruhusu kuomba asilazimishwe kumtafuta mtu aliyemtesa.

Baba naye asikilizwe

Nimewaona akina baba wanaolipa na bado wanadaiwa. Jumamosi baba anakuja na kiroba cha mchele, viatu vya watoto na dola 200 mkononi. Mama anapokea, anashukuru, wanakula pamoja. Jumatatu ofisi inamwandikia kwamba hajalipa. Ofisi huhesabu kilichopita kwenye kituo chake cha malipo, na viatu huhesabiwa zawadi. Mali bila daftari huisha bila habari. Baba mwenye amri alipe kupitia kituo, atunze risiti, na zawadi zije juu ya hapo.

Akipunguzwa kazini, apeleke ombi la kupunguziwa matunzo wiki hiyo hiyo. Mahakama huweza kubadilisha kiwango kuanzia siku aliyofungua ombi. Wiki zilizotangulia zimekwisha kuwa deni. Akipata wito aende, hata kama anaona ameonewa. Asipofika, au akifika bila karatasi za kipato, hakimu anaweza kupanga kiwango kwa kuangalia mahitaji ya mtoto. Sheria ya New York ina huruma kwa maskini anayejitokeza: aliye chini ya mstari wa umaskini huweza kupangiwa dola 25 kwa mwezi, na malimbikizo ya kipindi alichokuwa chini ya mstari huo hayatakiwi kuzidi dola 500. Huruma hiyo humfikia aliyethibitisha hali yake.

Kwa anayeandaa maombi ya uraia: fomu inauliza kama umeshindwa kutunza watoto wako, na kukataa kwa makusudi kuwatunza katika kipindi kinachochunguzwa huharibu sifa ya mwenendo mwema. Upande wa pili, mama anayeogopa kwamba akidai matunzo baba atafukuzwa nchini ajue kwamba deni la matunzo peke yake halimo katika sababu za kumfukuza mtu Marekani.

Wazee wetu, na sisi sote

Nyumbani tulizoea kwenda kwa wazee, kwa kadhi, au kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Sheria za huko nazo hazimwachi mtoto: Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009, na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inawataka baba na mama wabebe jukumu kwa usawa, wawe wameoana au la. Kwa hiyo asije mtu akasema matunzo ni mila ya Wazungu.

Wazee wa Buffalo, Columbus na Louisville bado wana kazi. Makubaliano ya sebuleni hayaifungi ofisi wala mahakama mpaka yawe amri, kwa hiyo wazee wakiwapatanisha wazazi, wawasindikize mahakamani yaandikwe. Wawili wakirudiana, wazee wawakumbushe waifunge kesi au wabadilishe amri, la sivyo deni litaendelea kupanda wakiwa wanalala nyumba moja.

Lakini kubwa zaidi ni hili la kumficha mtu. Mwanamume aliyewaacha watoto Cheektowaga anapofika Columbus hupokewa, hupewa kitanda, hutafutiwa kazi ya taslimu, na wote hukubaliana kutomtaja. Tunakuita huko kusaidiana. Kwa watoto wake ni njama ya watu wazima wengi dhidi yao. Ndugu wa kweli angemwambia: njoo nikupeleke ukaombe upunguziwe, kisha ulipe unachoweza. Na akikataa, mama anastahili kuambiwa baba anaishi mtaa gani na anafanya kazi wapi, ili akaviandike kwenye jalada. Serikali imeshaandika sheria, imeweka ofisi, imelipa makarani. Anwani hiyo haiwezi kuipata bila sisi, na anayeijua akanyamaza ajue kwamba naye anawanyima watoto wale chakula chao.